Mkanda wa Cherehani Uko kwa Mama Hawa

Cherehani ya mama ilifika kwangu siku ya Alhamisi, imeviringishwa blanketi, juu ya gari la mahindi lililotoka Madaba. Vijana walioishusha walilalamika uzito wake kana kwamba mimi ndiye niliyekitengeneza kile chuma. Walipoondoka nikafungua blanketi, na harufu ikanivaa: mafuta ya cherehani, ngozi, na ile chaki ya kuchorea vitambaa. Jamani! Nilikaa sakafuni, mtu mzima mwenye duka lake la dawa na funguo kiunoni, nikawa nanusa kanyagio. Binti yangu Regina, ana miaka sita, akaniuliza kama naumwa.

Kila kitu kilikuwepo. Gurudumu, meza, hata sindano iliyochakaa ilikuwa bado mahali pake. Kilichokosekana ni mkanda, ule wa ngozi unaounganisha gurudumu la chini na la juu. Bila mkanda, cherehani ni meza tu yenye maringo. Nikampigia mama, ambaye siku hizi anaishi na kaka yangu huko Madaba kwa sababu miguu haimruhusu tena kukanyaga.

"Mama, mkanda uko wapi?"

"Uko kwa Mama Hawa, Matogoro. Si tulihama Jumapili? Gari la kaka yako lilikuja Jumapili, mimi ningefanyaje? Walibeba wao, mimi sikushika hata kijiko. Na mkanda siku hiyo ulikuwa kwa mwenye kuushika."

"Miaka yote hiyo?"

"Ukaufuate mwenyewe," akasema, na nikamsikia anacheka kile kicheko chake cha puani. "Na safari hii useme kweli."

Basi nilijua hajasahau. Mimi pia sijasahau, ila nilikuwa nimejifanya.

Tuliishi Matogoro, chini kabisa ya milima, mimi na mama. Baba na kaka walikuwa Madaba kwenye mashamba ya mahindi na walikuja kila mwisho wa mwezi, wakileta unga na vumbi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na baraza, na baraza lilikuwa mali ya cherehani. Mama alishona sare za shule, alishona magauni ya wake wa walimu, alitia viraka suruali ambazo mimi naona zilistahili kuzikwa. Nililala na kuamka na mlio wa kanyagio. Nikimsemesha aliitikia "mm" huku sindano ikikimbia, na nilijifunza mapema kwamba "mm" ya mama ina maana nyingi na nyingi kati ya hizo ni "baadaye".

Lakini Jumamosi jioni, kengele ya kanisani ikigonga, mama alisimama. Hata awe amebakiza pindo la vidole viwili. Hata mteja awe amesimama pale pale mlangoni na pesa mkononi. Alikuwa anautoa mkanda kwenye gurudumu, anaukunja, anaufunga kwa kipande cha uzi, kisha ananiwekea kiganjani. "Mpelekee Mama Hawa." Halafu anaitandikia cherehani kitenge, kama mtoto aliyelala.

Mama Hawa alikuwa jirani yetu, uzio wa michongoma tu kati yetu. Myao wa Nakapanya, Mwislamu, mpika vitumbua, mwenye sauti ambayo haikuhitaji simu. Aliupokea mkanda kwa mkono wa kulia, akasema "amana imefika," akauviringisha kwenye khanga na kuuweka ndani ya sanduku lake la bati. Jumatatu, akishamaliza tu swala ya alfajiri, aliurudisha yeye mwenyewe mpaka kwetu. Mimi nilipeleka, yeye alirudisha. Sikuwahi kutumwa kuufuata, na sikuwahi kuona mama akienda kuuomba, hata wiki ya kufungua shule ambapo sare zilirundikana mpaka zikafika kwenye kitanda chetu.

Na Jumapili yenyewe ilikuwaje! Maji tulichota Jumamosi, kuni zilishapasuliwa, likolo, mboga yetu ya majani, lilishachambuliwa na kukatwa. Tulikwenda misa ya kwanza, tukarudi tukanywa chai na vitumbua vya Mama Hawa, kisha mama alitandika mkeka nyuma ya nyumba, upande wa kivuli. Akanisuka nywele. Niliwahi kumuuliza kama kusuka si kazi, akasema kumsuka mtu mwingine ni kazi, kukusuka wewe ni mazungumzo. Tukishamaliza, tukanywa togwa, naye akalala pale pale mkekani, mchana kweupe, mdomo wazi kidogo. Siku nyingine za wiki sikuwahi kumwona mama amefumba macho.

Sasa hapo ndipo akili yangu ya utotoni ilipoingia kazini. Nilikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Katekista, mzee mmoja mpole mwenye koti moja, alituambia kwamba Mungu aliumba dunia kwa siku sita na ya saba akapumzika. Wenzangu waliitikia tu. Mimi niliwaza. Baba akitoka Madaba akasema anapumzika, dakika mbili hazipiti anakoroma. Mama akipumzika, analala mdomo wazi. Kwa hiyo na Mungu, Jumapili, amelala. Mambo yote yakanyooka! Ndiyo maana misa ni asubuhi, tunamwahi kabla hajajinyoosha. Ndiyo maana kengele ni kubwa vile. Na ndiyo maana mama anapeleka mkanda kwa Mama Hawa: kwao siku kubwa ni Ijumaa, kwa hiyo Jumapili wao wako macho na wanaweza kutulindia vitu. Sikumwambia mtu. Nilijiona nimegundua jambo ambalo wakubwa wanalificha.

Mwaka huo wasichana tisa wa kundi letu walileta vitambaa vyeupe kwa mama. Tisa! Kimoja kimoja vilikatwa, vikashonwa, vikapigwa pasi ya mkaa, vikaondoka vimekunjwa kwenye gazeti. Cha kwangu kilikatwa cha kwanza, kikawekwa chini kabisa ya kapu, na juu yake vikaja vya wengine. Mganga hajigangi, wanasema, na mtoto wa fundi naye ajue mahali pake. Kila siku nilichungulia kapuni. Mikono miwili, kifua, mgongo, sketi, vyote vipande, vimelala kama kuku aliyechinjwa akakatwa. Nikimuuliza mama, "mm. Lako lipo, Skola."

Ikabaki wiki moja. Jumamosi jioni kengele iligonga, mama akatoa mkanda, na gauni langu lilikuwa bado kapuni. Niliupeleka ule mkanda kwa Mama Hawa huku nikigeuka kulitazama kapu. Nilikuwa na hakika, ingawa hakuna aliyeniambia, kwamba asiye na gauni jeupe atakaa benchi la nyuma pamoja na watoto wa kunyonya, wenzake watakwenda mbele wakiimba, na yeye atasubiri mwakani. Usiku nililia kimya kimya nikiwa nimegeukia ukutani.

Kesho yake, baada ya chai, baada ya nywele, baada ya togwa, mama alilala. Nikamwangalia. Mungu amelala, mama amelala. Nikavuka michongoma.

Mama Hawa alikuwa anakanda unga, mikono nyeupe mpaka kwenye viwiko. "Mama anasema nimletee mkanda," nikasema.

Aliacha kukanda. "Mama yako amekutuma?"

"Ndiyo."

"Mwenyewe? Leo?"

"Anasema ana dharura."

Aliniangalia usoni muda mrefu. "Subhanallah," akasema taratibu. Akanawa mikono, akafungua sanduku, akanipa. Hakusema amana wala chochote. Nilipogeuka kuondoka nilimsikia anavuta pumzi.

Mkanda niliuvalisha mwenyewe, maana nilishamwona mama mara elfu. Nikatoa vipande vyangu kapuni, nikachukua mkono mmoja wa gauni na kifua, nikaviweka chini ya sindano na kukanyaga. Nani alijua kwamba cherehani inaweza kwenda kinyumenyume? Gurudumu lilizunguka kwa nyuma, uzi ukajikunja chini kama kiota, kitambaa kikamezwa. Nikavuta. Kikagoma. Nikakanyaga tena, kwa nguvu, mlio ukatoka mpaka barabarani nadhani. Mwishowe nikachukua mkasi mkubwa wa mama nikakata palipokwama, na nilipolitoa gauni nje, kwenye kifua kulikuwa na tundu la kuingiza ngumi.

Nilikuwa bado nimelishika pale, ghafla akaingia Mama Hawa. Lakini siye Mama Hawa wa vitumbua. Alikuwa amejifunga khanga moja kiunoni, nyingine kichwani, na mkononi ana bakuli la unga lililofunikwa. Vile wanawake wanavyokwenda msibani. Kumbe aliposikia cherehani inalia Jumapili, jambo ambalo halijatokea miaka yote, alisema moyoni mwake: huyu mwenzangu anashona nguo ya maiti.

"Mama Skola!" akaita na machozi tayari. "Mama Skola, poleni! Ni nani?"

Mama akatokea kutoka nyuma ya nyumba, amesinzia, alama za mkeka shavuni. Akamwona jirani yake amejifunga vile. Akashika kichwa. "Dada, pole! Nani amefariki?"

"Si nakuuliza wewe!"

"Mimi nakuuliza wewe!"

"Kwako kuna nini?"

"Kwangu? Kwako kuna nini?"

Wakashikana mabega, wanapeana pole, kila mmoja anasubiri jina la marehemu. Halafu, kama waliopangana, wakanigeukia mimi. Na mimi pale, mkasi mkononi, uzi umenizunguka shingoni, gauni la Komunyo lina tundu.

Wee! Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa kutoka michongoma hadi barazani.

"Nani amekupa mkanda?" mama akauliza kwa sauti ya chini, ile mbaya.

Nikaeleza yote kwa kulia. Gauni, benchi la nyuma, watoto wa kunyonya. Na kwa kuwa nilishaharibu kila kitu, nikasema na siri yangu kubwa: kwamba Jumapili Mungu amelala, haoni, na mama amelala, haoni, nikajua nitamaliza kabla hawajaamka.

Kisha Mama Hawa akakaa chini pale pale na bakuli lake la unga, akacheka mpaka khanga ya kichwani ikamdondoka. "Mungu amelala! Wallahi, Mama Skola, mtoto wako! Na mimi ndiye mlinzi wa zamu!" Mama naye akajitahidi kukaza uso, ukamshinda. Walicheka wote wawili hadi machozi yaliyokuwa ya msiba yakawa ya kicheko. Mimi nilizidi kulia, maana hakuna kinachouma kama kuchekwa ukiwa na kesi.

Walipotulia mama aliniita. Nilijua ni fimbo. Badala yake alinikalisha mapajani, mtoto mkubwa vile, akanipandisha gauni juu ya goti. Pale pana kovu, pana kama kiganja cha mtoto, lenye ncha upande mmoja. Nilikuwa nalo tangu nijijue. Nilidhani nilizaliwa nalo.

"Hii ni pasi," mama akasema. "Ulikuwa ndiyo kwanza unasimama dede. Ilikuwa Jumapili, nina mashati ya kumaliza, nikasema namalizia tu moja halafu jingine. Pasi ya mkaa niliiweka hapo chini. Ulilia, Skola. Mama Hawa alikusikia kutoka kwake. Alivuka michongoma, ikamchana miguu, akaja akakunyanyua. Mimi nilikuwa hapa nilipo, hatua mbili. Sikusikia. Nilikuwa nakanyaga."

Mama Hawa alikuwa ameinamisha kichwa, anaokota unga uliomwagika.

"Siku hiyo hiyo nikautoa mkanda nikampa. Nikamwambia nishikie, Jumapili usinipe hata nikikupigia magoti, maana mimi najijua, sijiamini."

"Na magoti alipiga," akasema Mama Hawa. "Mwaka ule wa kwanza, mara mbili. Nikamwambia nyanyuka, utachafua khanga."

Nikamuuliza mama kama Mungu basi alikuwa macho siku ile. Alinifuta kamasi kwa kitambaa kile kile cheupe, kwa kuwa kilishaharibika.

"Nani amekwambia alilala? Alimaliza kazi, akakaa akatazama alivyoviumba. Mimi siku sita natazama sindano. Jumapili nakutazama wewe. Tena mara nyingi unadhani nimelala."

Nikamuuliza na gauni je. Akasema kesho. Nikasema Komunyo ni Jumapili ijayo! Akasema na kesho ni Jumatatu, na Jumatatu ni ya kwako peke yako. Akautoa mkanda, akaukunja, akaufunga uzi, akaniwekea kiganjani kama kila Jumamosi. Ikabidi nimkabidhi Mama Hawa, aliyekuwa amesimama palepale, na kumwomba radhi mbele ya mama. "Umenichezea amana," akaniambia, na alikuwa hacheki tena. Hilo liliniuma kuliko fimbo.

Jumatatu mama alishona gauni langu kabla ya kupika chai. Wateja wawili walikuja, akawaambia wangoje. Palipokuwa na tundu, upande wa kushoto wa kifua, alibandika mfuko, mfuko mzuri mweupe wenye kifungo. Hakuna msichana mwingine wa Komunyo aliyekuwa na mfuko, na siku ya siku wenzangu walinionea wivu hadi raha. Mama Hawa alikuja kuniona mlangoni kabla hatujatoka, akanitilia ndani ya mfuko korosho za kwao, akanionya nisile mpaka misa iishe. Nilikwenda mbele nikiimba na korosho zinagongana kifuani, na sikula hata moja. Nilikuwa nafikiri: sasa ananiona.

Tangu hapo, kila nilipovuka michongoma, hata kuomba chumvi, hata kupeleka salamu za Krismasi, Mama Hawa aliniuliza swali lile lile kabla ya jingine lolote: "Mama yako amekutuma?" Nilipomaliza shule aliniuliza. Nilipompelekea kadi ya harusi yangu aliniuliza.

Na mimi leo? Ukiniuliza kama naishika siku ya Bwana, nitakwambia naishika, naikaba kabisa. Misa, halafu mazoezi ya kwaya ambayo mimi ni katibu, halafu kikao cha jumuiya, halafu kamati ya harusi ya mtu, halafu mgonjwa wa kutembelea, na katikati simu za duka la dawa. Kazi za Mungu zote, eti. Mwezi uliopita Regina aliniuliza kama Jumapili ni siku ya vikao. Nikamwambia asinisumbue, ninaandika ujumbe wa kikao.

Cherehani ilipokuja niliwaahidi wanakwaya nitapunguza sare zao mwenyewe. Ndiyo sababu nilikwenda kuufuata mkanda siku niliyopata nafasi kati ya kamati na mgonjwa. Nikamshika Regina mkono, bodaboda akatungoja barabarani.

Mama Hawa alikuwa kibarazani kwake, mdogo kuliko nilivyomwacha, lakini sauti ni ile ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama yako amekutuma?"

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. "Safari hii amenituma kweli. Mpigie umuulize."

"Nakuamini. Umekua." Akaniangalia, akamwangalia Regina, akaangalia bodaboda kule barabarani. "Leo siku gani, Skola?"

Nikaangalia viatu vyangu vya misa. "Jumapili."

"Basi njoo kesho."

Nikaanza kueleza: sare, kwaya, kesho niko dukani. Simu ikalia. Nikapokea, nikasema nakuja. Nikaendelea kueleza, ikalia tena. Regina aliachia mkono wangu akaenda kukaa kwenye mkeka wa kibarazani peke yake, bila kununa, kama mtu aliyezoea. Hilo ndilo lililonipata. Mama Hawa aliona. Alinyoosha tu mkono wa kulia, kiganja juu, vile alivyokuwa akinyoosha Jumamosi jioni.

"Lete."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesho nikishaswali alfajiri. Nitakuletea mwenyewe, na mkanda wako. Mjukuu wangu ana pikipiki."

Nikampa simu. Akaizima kwa kubonyeza kila mahali, akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha sanduku la bati kikijifunga. "Amana imefika," akasema kutoka huko huko.

Nikamwambia bodaboda aende. Nikakaa mkekani. Regina alikuja kulaza kichwa mapajani pangu kwa mashaka kidogo, nikaanza kumfumua nywele, naye akanisimulia jambo refu kuhusu paka wa shuleni ambalo nadhani alikuwa amelianza wiki nyingi nyuma. Nikalisikia lote. Kisha nikafumba macho, na kupitia kope nikawa namtazama. Sijui tulikaa saa ngapi. Saa yangu ilikuwa kwenye simu, ndani ya sanduku.